Mpishi na Mla Nyama

Miaka ishirini na miwili nimewapikia wenye njaa:
wakata manyoya ya kondoo, wachimba mafuta,
na mwaka huu, huku nyanda za Neuquén
ambako upepo hunywa supu kabla yako,
nawapikia wachimba mifupa.

Mfupa wa kwanza aliuona Nicanor Huenchumil
akitafuta mbuzi jike aliyepotea.
Alidhani ni gogo lililogeuka jiwe.
Akalikalia, akavuta sigara nzima,
ndipo akaona gogo lina goti.
Mbuzi hajaonekana hadi leo.
Nicanor husema biashara ile ilimpunja.

Daktari Bossio alikuja na magari mawili,
magunia ya plasta, brashi ndogo kama za kupaka wanja,
na vijana ambao hawajawahi kuchinja hata kuku.
Wiki nzima walilala kifudifudi mbele ya kijifupa
wakibishana: nini hiki, chenye umbo la panda ya manati?
Nikatua sufuria.
Nikasema, hicho kila Jumapili namtupia mbwa.
Kimo kifuani mwa kuku, karibu na shingo.
Daktari aliniangalia kitambo.
Kisha akaniletea kiti.

Tangu hapo nasoma naye.
Fuvu refu kunizidi,
lakini ubongo ungeenea kwenye kikombe changu cha chai,
na hata humo, sehemu nzuri ilikuwa ya kunusa.
Meno mapana, membamba, ukingo wake msumeno mtupu,
si ya kuponda mfupa: ya kukata mnofu na kuondoka,
kama kisu changu cha nyama, kile nisichomwazima mtu.
Jino likianguka, jingine limeshapanga foleni ndani ya taya.
Mimi nimebaki na kumi na tisa,
na hakuna lililo foleni.
Pingili za shingo zimejaa vyumba vya hewa
kama mkate ulioumuka vizuri.
Tani saba, alisema daktari, na bado alipumua kama ndege.

Wakakata kipande cha mfupa wa mguu,
chembamba hadi mwanga ukapita.
Pete ndani ya pete, kama shina la mti.
Tukahesabu wawili, yeye darubinini,
mimi kwa kidole juu ya picha.
Pete za ujana zimeachana: hapo alikuwa akila,
akikua kama aliyekatazwa kusimama.
Za mwisho zimebanana,
mwandiko wa mtu anayeona karatasi inakwisha.
Thelathini na moja.
Umri wa mwanangu Ezequiel.

Kwenye taya, matundu matatu yaliyopona.
Meno ya mbwa hayaumani; ya hawa yaliumana.
Daktari alichukua jino la aina yake mwenyewe
akalipachika tunduni.
Likaingia kama ufunguo.

Ila kilichoninyima usingizi ni ubavu.
Wa tano, kushoto. Ulivunjika, ukaunga,
ukaacha fundo nene kama ngumi.
Marehemu mume wangu alivunjika papo hapo
kwenye mtambo wa mafuta.
Wiki sita hakuweza hata kucheka.
Nilimlisha kwa kijiko.
Nikauliza: na huyu, nani alimlisha?

Daktari akafungua mdomo. Akaufunga.
Akasema pengine alikuta mzoga;
yale majitu ya shingo ndefu, likifa moja,
linatosha mwezi.
Akasema pengine alishinda na njaa tu,
mwili mkubwa una akiba.
Akasema, Ercilia, hapo mfupa umenishinda.
Nikamjibu, basi tumwite fisi.
Hatukucheka sana.

Usiku ule niliwachomea mbavu za mbuzi.
Upepo ulikuwa ukivuta kamba za hema moja moja,
kama anayetafuta iliyolegea.
Vijana walikula kimya,
kila mmoja akiugeuza ubavu wake mwangani,
akiupitishia kidole gumba,
akitafuta fundo.